Somo: Kununua lori la jeshini na kupanga bei ya kuhamisha mashine nzito

Assalaam alaykum. Tangu nilipoliegesha lori langu Mkoani, Pemba, likiwa na rangi mpya, kila wiki napata mtu wa kuniuliza limetoka wapi na kazi moja nalipisha ngapi. Nayajibu yote mawili pamoja, kwa sababu ukikosea la kwanza, la pili halitakuokoa. Natanguliza neno moja: anayehamisha mashine hauzi kilomita, anauza siku. Lori likilala kwa kukosa spea, siku imekwenda. Likisubiri maji gatini, siku imekwenda vilevile.

Hatua ya 1: Jua utabeba nini

Kabla ya kutazama gari lolote, nenda kwenye mashine yenyewe ukasome uzito kwenye kibao chake cha chuma. Usikubali "ni ndogo tu hiyo" ya mwenye kazi. JCB 3CX ina kama tani 8. Kijiko cha kuchimbia cha CAT 320 kinapita tani 20. Lori la Marekani aina ya M923 huitwa la tani 5, na hizo tani 5 ndizo lilizopangiwa kubeba kwenye njia mbovu. Kijiko kikubwa kinataka kichwa na lobedi, yaani trela la chini la kubebea mashine, hakuna njia ya mkato.

Lori la jeshi kwetu linafaa kwa vijiko vidogo, roller ndogo, jenereta, kompresa na mashine za matofali, na hasa pahala lobedi isipoingia: machimbo ya mchanga na mawe, njia za mashamba ya Pemba masika yakishapita. Kama kazi zako zote ni za barabara ya lami, nunua Fuso. Spea utaipata mjini kabla ya adhuhuri.

Hatua ya 2: Chagua kwa spea, si kwa umbo

Malori ya jeshi la Ujerumani huuzwa na VEBEG, kampuni ya serikali yao inayouza mali ya umma iliyokwisha kazi. Ya Marekani mengi hupigwa mnada mtandaoni kupitia GovPlanet. Uingereza huyatoa kwa wafanyabiashara wenye mikataba na wizara yao ya ulinzi.

Mimi nachagua Leyland DAF la tani 4 la Uingereza. Usukani uko kulia, na injini ni Cummins ya lita 5.9, ambayo fundi wetu haimshangazi. Unimog U1300L inapanda popote na injini yake ni ya Mercedes, OM352, lakini ni gari dogo, utakataa kazi nyingi. M923A2 ina Cummins ya lita 8.3 na giaboksi ya Allison isiyo na klachi. Nguvu inayo, ila usukani uko kushoto na tairi zake za 14.00R20 si za kuokota. Tena ukinunua lori la ukoo wa M939, ambao M923 ni wake, uliza kama limefungwa ABS, kifaa cha kuzuia tairi zisikwame ukikanyaga breki. Breki zake zilikuwa zikikaza tairi ghafla kwenye barabara yenye maji na gari linageuka, ndipo jeshi lao likaanza kuyafunga ABS.

Yote hayo yana umeme wa volti 24. Ukimwita fundi umeme wa gari ndogo, mwambie kabla hajagusa waya.

Hatua ya 3: Kagua kama anayetaka kulikataa

Hapa ndipo mimi nilipoumia. Lori langu la kwanza nililinunua kwa picha na video. Injini ikiwaka vizuri, mita ikionesha kilomita chache, nikatuma pesa. Nimelishusha bandari ya Malindi, Unguja, sijafika Bububu mshale wa upepo wa breki ukaanza kushuka mbele ya macho yangu. Valvu moja ilikauka mpira kwa kukaa. Kuipata kulinichukua siku 19, na kazi niliyokwishaahidi ikachukuliwa na mwengine. Muuzaji aliniambia gari "halijatumika", na kweli lilikuwa halijatumika. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Gari la jeshi haliharibiki kwa kwenda, huharibika kwa kuegeshwa miaka.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi, au namlipa mtu aliye kule anifanyie huku akinirikodia video bila kuikata. Injini iwake mpaka matangi ya upepo yajae, kisha izimwe. Kanyaga breki, ushikilie, utazame mshale dakika kadhaa huku mwenzako amelala chini anasikiliza. Halafu apake maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha mpira na chuma; penye tundu povu litapumua.

Fungua nati ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, utie kidole. Oili ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Magari haya hupitishwa mitoni. Fanya hivyo kwa difu zote, usiridhike na moja. Kisha soma namba nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 1219 maana yake wiki ya 12 ya mwaka 2019. Meno ya tairi yanaweza kuwa mapya na mpira wake umeshapasuka nyufa ndogondogo, ubonyeze kwa kidole gumba utaziona.

Hatua ya 4: Karatasi

Usilipe mpaka wakala wa forodha amekuandikia makisio ya kodi kwa gari hilo hasa. Ushuru hukokotolewa juu ya bei pamoja na nauli ya meli na bima, kwa hiyo lori la bei rahisi lenye nauli kubwa si rahisi. Uliza mapema Taasisi ya Viwango Zanzibar kuhusu ukaguzi wa gari lililotumika. Kwa la Marekani, hakikisha linakuja na fomu SF 97, ndiyo ya kuombea hati ya umiliki. Bila ya hiyo utapata tabu usajilini. Baadhi ya magari hutakiwa pia tamko la nani atalitumia na kwa kazi gani. Andika ukweli.

Hatua ya 5: Panga bei

Nachukua mfano: kijiko cha tani 4 kutoka gatini Mkoani hadi eneo la ujenzi, kilomita 45. Lori linatoka kwangu tupu, linabeba, linarudi tupu: kilomita 45 na mzigo, kilomita 51 bila ya mzigo. Tarakimu ni za mfano, weka zako.

Kwanza siku yenyewe. Bima, leseni, mlinzi, na akiba ya kulibadilisha lori, tuseme shilingi 18,000,000 kwa mwaka. Usigawe kwa 365. Gawa kwa siku unazopata kazi kweli, mimi naweka 120. Inatoka 150,000 kwa siku, hata kabla funguo haijazungushwa.

Dizeli: kwa mzigo kilomita 2 kwa lita, tupu kilomita 3. Ni lita 22.5 na 17, weka 40. Kwa 3,000 kila lita ni 120,000. Tairi na matengenezo, 1,500 kwa kila kilomita, kilomita 96 ni 144,000. Dereva 50,000, utingo wawili 50,000. Pikipiki ya kutangulia mbele, 30,000.

Jumla 544,000. Ongeza robo yake kuwa faida, unapata 680,000. Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo.

Wengi wetu tunasema "elfu nane kwa kilomita", tunazidisha kwa 45, tunapokea 360,000 kwa furaha. Umemlipa mwenye kazi 184,000 kutoka mfukoni mwako akupe kazi.

Mkataba uandike mstari mmoja zaidi: siku ya kusubiri ni 250,000, yaani siku yenyewe na watu wake. Pemba mstari huo ndio chakula chako. Bamvua hapa maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Chombo cha mlango wa mbele kikija maji yamekupwa, mlango unapanda mkali kuelekea gatini, na kijiko cha minyororo kwenye chuma chenye maji huteleza kama sabuni. Kusubiri maji yajae ni lazima. Kulipwa kwa kusubiri ni haki.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Wete: Ami, lori nilipake rangi lini?*
Kabla halijatoka bandarini, mwanangu. Rangi ya jeshi kwenye gari la raia itakusimamisha kila kizuizi, na una haki ndogo ya kulalamika.

*Kutoka Kwahani: Cheni ngapi zatosha kijiko kidogo?*
Nne, kila pembe yake, zivute kinyume kwa kinyume, na ya tano juu ya mkono wenye ndoo. Ziwe za daraja la 70, hicho ni kipimo cha nguvu ya cheni. Simama baada ya kilomita chache uzikaze tena, kila safari.

*Kutoka Makunduchi: Kaka, bei yako ni kubwa, wateja wangu watakimbia.*
Wengine watakimbia. Mpunguzie mteja kwa kumtafutia mzigo wa kurudi, ukipata cha kubeba ukirudi gawaneni. Siku yako usiipunguze.

*Kutoka Paje: Nipitie wapi na mashine ndefu nikitoka mjini?*
Kabla ya kupakia pima kimo chote kwa futi ya kamba. Sakafu ya lori la jeshi iko juu, karibu mita moja na nusu, ukiweka mashine juu yake unagusa waya. Ukipita kwenye miembe ya Bi Khole pale Bungi, mmoja ashuke atembee mbele na ufito mkononi, mkono wa kijiko uwe umelazwa kabisa. Nenda alfajiri, kabla daladala hazijajaa.