Kichwa kikibana ukitafakari ajna
Ukielekeza umakini kwenye ajna, ile chakra (kituo cha nishati mwilini katika mafundisho ya yoga) ya katikati ya nyusi, kichwa kikaanza kubana, usikimbilie kusema kundalini, nguvu ambayo yoga husema imelala chini ya uti wa mgongo, inapanda. Mara nyingi ni macho tu: yamekazwa kutazama juu huku kope zimefungwa mpaka misuli yake imechoka. Yaache yashuke kama ya mtu anayesinzia, legeza taya, kisha hamishia umakini vidole vinne chini ya kitovu. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6, mara 10, bila kuibana katikati. Kutoa pumzi polepole hutuliza mapigo ya moyo. Ukiwa na usingizi, mbinu hii itakulaza, kwa hiyo fumbua macho nusu. Maumivu yakibaki hata baada ya kuinuka, hayo mpelekee daktari.