Pikipiki ya Miaka 40 Uingereza: Anza na Ndogo

Ukishatulia Uingereza, ukapata kazi na pa kulaza chombo, si ajabu ukajikuta unaperuzi matangazo ya Triumph Bonneville na Norton, pikipiki kubwa za Kiingereza, usiku wa manane. Ziache kwanza. Kwa mtu aliyekulia kwenye bodaboda, pikipiki ya kale ya kuanzia ni Honda CG125 iliyotimiza miaka 40. Sababu zake ni za sheria, mfuko na spana.

Leseni itangulie. Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda inakubalika kwa miezi 12 tangu uwe mkazi. Baada ya hapo haibadilishwi kwa karatasi tu, kama wanavyobadilishiwa wenzetu wa Afrika Kusini au Zimbabwe. Unaomba leseni ya muda ya mwanafunzi kutoka DVLA, idara ya serikali ya leseni na usajili wa magari, kisha unafanya mafunzo ya lazima yanayoitwa CBT, ambayo wengi huyamaliza kwa siku moja. Cheti chake hudumu miaka 2 na kinakuruhusu kuendesha pikipiki isiyozidi cc 125, ukiwa umebandika herufi L nyekundu mbele na nyuma. Hakuna kupakia abiria (mishikaki sahau kabisa) wala kuingia barabara zile za mwendo mkubwa zinazoanza na herufi M. Bonneville inadai leseni kamili, na mtu wa kuiendea moja kwa moja bila kupitia madaraja ya chini ni lazima awe na miaka 24.

Sasa tuje kwenye hiyo miaka 40, maana ndiyo inayobadilisha hesabu yote. Pikipiki ikivuka umri huo huweza kuingizwa kwenye daraja la vyombo vya kihistoria, na kodi ya barabara inakuwa sifuri. Iliyotengenezwa kabla ya Januari 1985, kwa mfano, ilistahili kuanzia Aprili 2025, na kila Aprili unaongezeka mwaka mmoja. Msamaha haujileti. Unaenda posta inayoshughulikia kodi za magari ukiwa na kadi ya usajili, V5C, unaomba daraja libadilishwe, na baada ya hapo unaendelea kukata kodi hiyo ya sifuri kila mwaka. Ukaguzi wa MOT, ule wa kila mwaka wa usalama wa chombo, nao si lazima tena, mradi chombo hakijafanyiwa mabadiliko makubwa. Mimi ningeipeleka hata hivyo. Ada ya pikipiki haizidi pauni 29.65, na askari akikuta breki zimekufa hatauliza umri wa pikipiki.

Kwa wakazi wa London faida ni kubwa zaidi. Tangu Agosti 29, 2023, ukanda wa ULEZ, unaotoza vyombo vinavyochafua hewa, umefunika mitaa yote ya jiji, na chombo kisichofikia kiwango cha moshi hulipa pauni 12.50 kwa siku. Pikipiki ya mwaka 1995 kwa kawaida inalipa, lakini ya mwaka 1980 iliyo kwenye daraja la kihistoria inapita bure. Kwa hiyo usidanganywe na muuzaji anayekwambia ya miaka 30 ni “karibu ya kale”.

Kwa nini CG125? Honda waliitoa mwaka 1976 wakifikiria nchi ambako kubadilisha oili hucheleweshwa na fundi yuko mbali. Vali zake husukumwa na fimbo badala ya cheni ya juu inayohitaji kurekebishwa mara kwa mara, na cheni ya gurudumu imefunikwa yote isile vumbi. Wachina waliinakili injini hiyo, na nakala zake zimejaa kwenye bodaboda kwetu. Yaani ukiifungua, mambo mengi utayatambua.

Ukienda kuitazama, gusa injini kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha mapema, na huenda anaficha tabu ya kuwaka ikiwa baridi. Ipoe, kisha upige kiki mwenyewe. Moshi wa buluu usiokoma maana yake oili inaungua, hapo unafikiria ringi za pistoni. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa DOT wa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, tairi la kutupa hata kama kashata zake bado nzima. Linganisha namba ya fremu, iliyogongwa shingoni chini ya usukani, pamoja na ile ya injini, na zile zilizoandikwa kwenye V5C. Kadi hiyo si ushahidi wa umiliki, yenyewe inasema hivyo, kwa hiyo dai risiti yenye jina na tarehe. Isiyo na kadi mwachie mzoefu. Tarehe ya kutengenezwa ikiwa na utata, chama cha wapenzi wa pikipiki za kale, VMCC, kilichoanzishwa mwaka 1946, hutoa vyeti vya umri.

Bima itafute kwa kampuni za vyombo vya kale, na mkubaliane thamani kabla, usije ukaibiwa ukalipwa bei ya chuma chakavu.

Petroli ya kawaida Uingereza tangu Septemba 2021 ni E10, yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli. Hiyo hula mipira ya zamani, huvuta unyevu na kuozesha tangi. Jaza ile ya bei juu iliyoandikwa E5, na badilisha mipira ya mafuta mapema. Majira ya baridi barabara humwagwa chumvi, na kromu haina ubavu nayo. Ukiamua kuilaza, mwaga petroli iliyo kwenye kabureta, itoe betri, kisha itangaze SORN, yaani uiarifu DVLA kwamba haitumiki barabarani. Ni bure, ila isiguse tena barabara ya umma.

Spea zinapatikana hukohuko. Ukitaka kubeba za Kariakoo au Kirinyaga Road, pima kwanza na ile kuukuu, kwa sababu nakala za Kichina hazilingani zote na Honda ya asili. Na kabureta nunua mpya: iliyowahi kuonja petroli inaweza kukwamia uwanja wa ndege.