Mbu wa mchana: usafishe vipi mapipa na mabirika hapa Amu (Lamu)

Jamani, neti karibu kila nyumba ipo, lakini mbu anaeleta chikungunya na dengi, magonjwa ya homa, ni wa mchana, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma asubuhi na alasiri watu wakiwa barazani. Na hazaliwi kwa mitaro kama wengi wanavosema, anataka maji safi, yani haya haya tunayoweka akiba kwa mapipa. 2004 chikungunya ilipotupiga Lamu ilikua ukame, maji yamekaa kwenye vyombo siku nyingi, na watu walipopimwa damu baadae ikaonekana kama 3 kwa kila 4 walikua wameupata. Kisha ukavuka mpaka Mombasa na Komoro.

Sasa fanya hivi. Chagua siku moja ya wiki, Ijumaa asubuhi ni nzuri, manake yai likishaanguliwa mbu anaruka ndani ya siku 7 hadi 10, ukimuwahi kila wiki hapati kukomaa. Maji usiyamwage, yachuje kwa kitambaa uyatie ndoo nyingine, viluwiluwi vitabaki juu ya kitambaa, vikung'ute mchangani juani vife. Halafu pipa lisugue, na hapa ndo wengi wanakosea, wanasuuza tu! Mayai yamegandana ubavuni pale maji yanapoishia, kama vumbi jeusi, na yanakaa makavu miezi mingi yakisubiri maji, kwa hivo chukua brashi au kumbi la nazi na sabuni usugue mzunguko ule wote. Ukimaliza funika, na kifuniko kikiwa na mwanya funga leso kuukuu juu yake kwa mpira wa tyubu, ikaze sana.

Wenye birika za chooni, yani matangi ya maji ya kujengewa, rudisheni samaki wadogo, wazee walikua wanawaweka ili wale viluwiluwi, na nyumba za zamani utaona bakuli la kauri limejengewa chini kabisa ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Mimi naona hii ni akili kubwa na tumeiacha bure. Ila birika ya samaki usitie sabuni wala dawa.

Kisha zunguka nje: vifuu, makopo, tairi, sahani za maua, dau lililopandishwa lenye maji ya mvua. Geuza au mwaga.

Mtu akishikwa na homa na maumivu ya viungo, apimwe na malaria pia. Mpe parasetamo na maji mengi, aspirini na brufeni msimpe kabla daktari hajasema si dengi, zinaweza kumtoa damu. Na akiumwa sana na tumbo, akitapika hakomi au ufizi ukitoka damu mkimbizeni hospitali, hata kama homa imeshuka, manake dengi mara nyingi inazidi pale pale homa inaposhuka.