Kusoma riwaya ya upelelezi ya hoteli ya ufukweni: fuatilia saa, si sura za watu

Waandishi wa kati ya Vita vya Kwanza na vya Pili vya Dunia walipenda hoteli za ufukweni, na si kwa sababu ya mandhari tu. Wageni hawajuani, kila mmoja hujieleza apendavyo, na mara nyingi njia ya kufika ni moja: mashua, au mchanga unaofunikwa maji yakijaa. Muuaji, basi, karibu kila mara ni mtu uliyekwisha kutajiwa.

Chukua penseli na karatasi. Sura za kabla ya mauaji zisome polepole kuliko zote. Wengi huzipitia mbio wakiisubiri maiti, kumbe dalili zimefichwa humo, ndani ya porojo za mezani. Orodhesha wageni, vyumba vyao na waliokuja nao. Chora ramani hata kama kitabu kina yake, uonyeshe kila mahali panaonekana kutoka wapi. Maji yakitajwa, yaandike pia: pwani za Uingereza, kutoka kujaa hadi kupwa hupita saa sita na dakika chache, hivyo utajua njia ilifungwa lini.

Mauaji yakishatokea, chora safu tatu: saa, tukio, nani kasema. Safu ya tatu ndiyo yenye kazi. "Saa 5:45 asubuhi alikuwa hai" ni maneno ya mtu, hayajawa ukweli. Saa aliijuaje, na nani aliigusa saa hiyo? Aliona uso, au kofia na nguo ya kuogelea kwa mbali? Aliyelala kifudifudi juani anaweza kuwa yeyote. Hata makadirio ya daktari yape nafasi, kwani joto huchelewesha mwili kupoa.

Usimshuku mtu kwa kuwa anaudhi. Huyo kawaida ni chambo. Anayekumbuka kila dakika ndiye wa kuwekea alama: aliye likizoni hatazami saa hivyo. Pacha wa ghafla msahau. Kanuni kumi za kuandika hadithi za upelelezi, alizotoa mwandishi Mwingereza Ronald Knox mwaka 1929, zilimkataa isipokuwa msomaji ameandaliwa, ingawa si kila mwandishi alizitii.

Mpelelezi anapowaita wote ukumbini, funga kitabu. Andika jina, njia, na saa iliyodanganywa. Ukiwa na jina tu, rudi kwenye porojo za mezani.