Somo: Jinsi ya kuwasindikiza vijana wanaodai shule isiyowabagua wanafunzi wa LGBTQI (Malindi na majirani)

Nayaandika haya mara moja ili nisiyaandike tena. Kila wiki yuko anayenitumia ujumbe: "Mwalimu, kuna vijana hapa wanataka shule iwe salama kwa wanafunzi wa LGBTQI, tuanzie wapi?" Kabla sijamaliza kumjibu, wa pili amefika na swali lile lile. Kuanzia leo nawaelekeza hapa. LGBTQI ni watu wanaopenda wa jinsia yao au jinsia zote, wasiojiona katika jinsia waliyoandikiwa wakizaliwa, na huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike wala ya kiume moja kwa moja. Soma mpaka mwisho ndipo uulize.

Somo ni la watu wazima: walimu, walezi wa vikundi, wasaidizi wa kisheria, wazazi. Vijana wanajua wanachokitaka. Wanachokosa ni mtu mwenye kitambulisho, nauli, na kifua cha kukaa mbele ya mwalimu mkuu aliyekasirika bila kupandisha sauti. Kazi yako ni hiyo. Kama unataka kuongoza wewe, anzisha kikundi cha rika lako.

HATUA YA 1: Jueni sheria kabla ya kutoka nyumbani
Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya bado vipo. Mahakama Kuu ilikataa kuvibatilisha tarehe 24 Mei 2019. Vinaadhibu tendo la kujamiiana la watu wa jinsia moja. Havimkatazi mtu kuwa alivyo, kuzungumza, wala kuiandikia shule barua. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba kulinyima usajili shirika la kutetea haki za watu wa LGBTQI ni ubaguzi, na kwamba Kifungu cha 27 cha Katiba kinawakinga nao pia. Halafu kuna sheria mbili ambazo shule haiwezi kuzikwepa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza kumtesa mwanafunzi yeyote, kimwili au kiakili. Sheria ya Watoto ya 2022, kifungu cha 21, inamtaja mtoto huntha waziwazi: atendewe kwa heshima, apate matibabu yanayomfaa, apate elimu. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu huntha 1,524 nchini, kwa hiyo mtu asikwambie hawapo.

Ila msiwatumie watoto huntha kama pazia la kujifichia. Nimeona vikundi vikiwataja wao tu kwa sababu ni rahisi, na wengine wote wakaachwa nje.

HATUA YA 2: Chagueni mlango
Mtaala unaandikwa Nairobi, kwenye Taasisi ya Ukuzaji wa Mitaala. Sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti ya Kilifi ina chekechea na vyuo vya ufundi, basi. Kikundi kinachopanda matatu kwenda bunge la kaunti kudai somo jipya la Kidato cha Tatu kimepoteza siku na nauli.

Yanayobadilika pale pale shuleni ni haya: kanuni za shule, utaratibu wa kushughulikia uonevu, kamati ya nidhamu, chumba cha ushauri nasaha, mambo ya sare, vyoo na mabweni. Chagueni moja au mawili. Binafsi huanza na uonevu na siri ya ushauri nasaha, kwa kuwa hakuna mjumbe wa bodi atakayesimama hadharani kutetea mtoto apigwe.

HATUA YA 3: Nani anasema
Waliofikisha miaka 18. Walio chini ya hapo wanachangia mawazo, hawapigwi picha, hawasimamishwi mbele, na hawaji mkutanoni bila mzazi au mlezi kujua wanakwenda wapi na wanakutana na nani. Tangu mkasa wa Shakahola mwaka 2023, wafuasi wa mhubiri walipokufa kwa njaa msituni pamoja na watoto wao, anayekusanya watoto wa watu upande huu huulizwa maswali, na ni haki aulizwe.

Wala usimuulize kijana yeyote yeye ni nani. Mwanafunzi anaweza kudai shule isiyo na ubaguzi bila kukueleza lolote kuhusu moyo wake.

HATUA YA 4: Karatasi na simu (hapa soma mara mbili)
Kazi hii huharibiwa na karatasi kuliko na maadui. Kila mfadhili anataka fomu ya mahudhurio: jina, nambari ya simu, shule, sahihi. Siku hizi imeongezwa safu ya jinsia yenye visanduku vinne, na mtoto anaambiwa atie alama mbele ya jirani yake. Fomu ya namna hiyo tuliisahau kwenye meza ya ukumbi tuliokodi. Jioni mlinzi akapiga simu: "Kuna karatasi yenu hapa, ina majina ya watoto wa Maweni." Alikuwa ameisoma yote, juu mpaka chini. Alikuwa mtu mwema, akairudisha. Usiombee upate wa pili kama yeye.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu mwelekeo wa kimapenzi wa mtu kuwa taarifa nyeti, na taarifa za mtoto hazichakatwi bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwonyesheni mfadhili hilo kabla ya kutia sahihi mkataba. Mwambieni mtaleta idadi, risiti za chakula, na herufi za siri badala ya majina. Akikataa, pesa zake ni ghali.

ANGALIZO la simu. Wanafunzi wengi wanatumia simu ya mama, ya shangazi, au ya kaka. Kundi la WhatsApp lenye picha ya upinde wa mvua, alama ya LGBTQI, linatokea kwenye kioo cha simu iliyoachwa dukani ikichajiwa. Kundi lipewe jina la kawaida, ujumbe ujifute wenyewe, na mambo mazito yasemwe ana kwa ana.

ANGALIZO la nauli. Ukituma kwa M-Pesa, jina la shirika lenu linaingia kwenye simu ya mzazi pamoja na zile shilingi 200. Toeni nauli mkononi, kijana atie sahihi kwa herufi yake.

ANGALIZO la picha. Hakuna picha. Hata ya migongo. Malindi watu wanajuana kwa mikoba.

HATUA YA 5: Barua
Ukurasa mmoja, iandikwe na vijana wenyewe, nakala yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa.

HATUA YA 6: Kukaa na shule
Nendeni muhula wa pili. Wa tatu ni mitihani, hakuna atakayewasikiliza. Msiombe nafasi Ijumaa mchana.

Ijueni bodi. Kwa sheria ina wawakilishi sita wa wazazi, watatu wa wadhamini wa shule, mmoja wa walimu, na wachache wengine. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi huingia pia. Wadhamini ndio kanisa au jumuiya ya Kiislamu iliyoanzisha shule, na watu wengi huwagundua wakiwa tayari wamekunja uso upande wa pili wa meza. Mtafuteni mmoja wao wiki mbili kabla, mkanywe naye chai, mumwonyeshe barua. Hatakubali yote. Ila hatashtuka, na mtu asiyeshtuka hapigi kelele.

Ndani ya chumba, kijana anasema na wewe unanyamaza. Unaingia akitukanwa au akiulizwa mambo ya mwili wake. Hapo unasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, swali hilo halimo kwenye barua," basi, unarudi kukaa.

HATUA YA 7: Baadaye
Andikeni kumbukumbu siku hiyo hiyo, wapelekeeni shule nakala.

MASWALI

Kaskazi254: Kwa hiyo tukiandika barua tunakamatwa au la?
— Hatua ya 1. Imeandikwa.

Kijana wa Barani: Mwalimu nitumie barua yenu nibadilishe jina la shule tu.
— Situmi. Mwalimu mkuu akipokea barua ile ile aliyopokea jirani yake, atasema mmetumwa, na atakuwa hajakosea sana. Waketi vijana wako, waandike yaliyowapata shuleni kwao. Wakimaliza, niletee niipitie.

Ngome Kongwe: Mnawafundisha watoto wetu tabia za Wazungu. Mimi ni mzazi na siogopi kusema.
— Shikamoo, kama umenizidi umri. Barua yetu inataka mtoto asipigwe bwenini, asitajwe paredi kwa jina, asifukuzwe bila kusikilizwa. Nionyeshe mstari unaofundisha tabia. Na kumbuka hivi: kijana akisemwa anatembea kama msichana, wenziwe wakamwagia maji godoro, hakuna anayeuliza kwanza kama ni kweli. Anaweza kuwa wako, anaweza kuwa wangu.

Ngome Kongwe: Bado sijakubali.
— Huna lazima. Uchaguzi wa wawakilishi wa wazazi ukifika, gombea, ukayaseme kwenye bodi. Kwa mtu kupigwa utasimama upande gani, hilo tu nitakuuliza.

Mwalimu wa Amu: Assalaam aleykum dada. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha huku Lamu. Msichana wa kidato cha pili kaniambia anampenda mwenziwe, analia, anaogopa mama yake atajua. Nina wajibu wa kumwambia mwalimu mkuu?
— Waaleykum salaam, na asante kwa kuuliza kabla ya kutenda. Hakuna sheria inayokulazimisha kupeleka habari za anayempenda mtoto. Lazima uripoti akiwa anadhulumiwa, anapigwa, ananyanyaswa kingono, au anataka kujidhuru. Mwambie hivyo tangu mwanzo, kwa maneno mepesi: haya yanabaki kwangu, haya hayawezi kubaki. Usimuahidi siri ya kila kitu. Usiandike jina lake kwenye daftari la ushauri; andika tarehe na "wasiwasi wa nyumbani." Usimpe dawa, dua wala hukumu siku hiyo. Muulize amekula, amelala, na nyumbani kuna mtu mmoja anayemwamini, hata bibi. Nambari 116 ya kusaidia watoto ni bure, apige mwenyewe akitaka. Nawe tafuta mwenzio wa kuzungumza naye bila kumtaja mtoto, maana mzigo huo ukiubeba peke yako utakuchosha.

Mwalimu wa Amu: Nimeelewa. Ila Amu ni ndogo, nikiitisha kikao cha vijana, kabla jahazi halijafunga kamba mji mzima umejua.
— Basi usiitishe kikao. Jiunge na kilichopo: klabu ya midahalo, siku ya wazazi, mafunzo ya kupinga uonevu. Mada iwe uonevu wote: wa rangi, wa ulemavu, wa sauti nyembamba. Watakaohitaji kusikia watasikia. Huku Malindi tuna nafasi ya kujificha kwenye watu. Huko hamna, kwa hiyo mwendo uwe wa polepole zaidi.

Chipukizi_19: Kwa nini tunaomba vitu vidogo hivi? Uskoti wameingiza mambo ya LGBTQI kwenye elimu ya nchi nzima.
— Swali zuri, na nimefurahi unafuatilia. Kampeni ya Uskoti ilianza 2015, watu wachache tu. Walipeleka ombi bungeni, wakakusanya ushahidi kutoka shuleni, wakazungumza na kila chama. Novemba 2018 serikali ilikubali mapendekezo yote 33 ya kamati iliyoundwa. Lakini angalia walikoanzia: sheria iliyowazuia kuzungumzia mambo haya shuleni ilikuwa imeondolewa kwao tangu 2000. Sisi Desemba 2021 tulikuwa na waziri wa elimu, Magoha, akisema wanafunzi wanaopenda wa jinsia yao wasikae bweni, na Januari 2022 vijana wakaandamana Nairobi. Kwa hiyo chukua kutoka Uskoti ile kazi ya ushahidi. Anza daftari leo: tukio, tarehe, shule ilifanya nini, bila majina. Ukiwa na miaka miwili ya daftari hilo utaweza kwenda Nairobi kuzungumza na watu wa mitaala, na mimi nitakubebea mkoba.

Kaskazi254: Shule ikimfukuza mwanafunzi kwa kushukiwa tu je?
— Hili sasa ni swali. Mwalimu mkuu anaweza kumsimamisha, lakini kumfukuza kabisa si neno lake peke yake. Lazima mtoto na mzazi wasikilizwe, na lifike ngazi ya juu ya elimu kwenye kaunti. Ombeni sababu kwa maandishi siku hiyo hiyo. Mara nyingi shule ikiambiwa iandike, sababu hupotea.

Fundi Simu: Kuongezea kwenye hatua ya 4. Mkichapisha barua saiba, faili linabaki kwenye kompyuta yao. Nimekuta barua za talaka, matokeo ya hospitali, kila kitu. Na wengi huacha WhatsApp imefunguliwa wakaondoka.
— Asante sana, hili sikulifikiria. Wanafanyaje?

Fundi Simu: Njoo na flashi, fungua ndani ya flashi, chapisha, toa. Usijitumie kwa WhatsApp ya mwenye saiba hata akikusisitiza ni haraka. Kwenye simu, nenda mpangilio wa vifaa vilivyounganishwa, uvitoe vyote. Na nakala zilizoharibika usiziache kwenye kikapu, wanafungia karanga.

Dada Zai: Mimi naona tuchapishe kwa rangi, tuweke upinde juu ya barua, ipendeze.
— Nyeusi na nyeupe, Zai. Shilingi kumi.

Dada Zai: 😂 Haya. Na kurasa za zile sheria za Hatua ya 1 mnazitoa wapi?
— Tovuti ya Kenya Law, bure. Chapa ukurasa wenye kifungu, na ule wa kwanza wenye jina la sheria, maana kitu cha kwanza mwalimu mkuu atakuuliza ni umeitoa wapi.