Madoa na mabaka usoni: upake nini, uache nini, kwa sisi wa jua la ziwani

Wadada wa Mwanza, kabla hujatoa hela ya krimu yoyote nunua sanskrini (krimu ya kukinga jua) kwanza, SPF 30 kwenda juu (SPF ni kipimo cha kinga, kinaandikwa kwenye chupa), upake kila asubuhi na kama unashinda juani urudie kila masaa mawili, maana jua la huku linakupiga toka juu na maji ya ziwa yanakurudishia tena usoni, unaweza kupaka dawa ya bei mbaya usiku halafu mchana ukashinda Mwaloni unanunua dagaa uso mtupu, baka linarudi vilevile. Kama ni yale mabaka ya mashavuni yanayokujaga na mimba (melazma), chukua sanskrini yenye rangi, ile yenye oksidi ya chuma, kwa sababu hata mwanga wa kawaida unayachochea.

Haya, dawa zenyewe. Niasinamaidi 4 au 5% ni ya upole, haikubabui ila inaenda taratibu. Vitamini C paka asubuhi chini ya sanskrini, ikishakuwa kahawia kwenye chupa tupa. Mimi naipenda asidi ya azelaiki, 15 mpaka 20%, inatibu chunusi na doa lake kwa mpigo na hata mjamzito anaruhusiwa, wiki za mwanzo itawasha kidogo vumilia. Tretinoini (krimu ya jamii ya vitamini A) ni ya usiku tu, kiasi cha punje ya njegere uso mzima, anza mara 2 kwa wiki, mjamzito asiiguse kabisa, na usiwe na pupa maana ngozi yetu ikibabuka tu inaacha doa jingine.

Haidrokwinoni, dawa ya kufifisha madoa, ina nguvu kweli, sibishi, ila ni dawa ya kuandikiwa na daktari, unaitumia miezi 3 au 4 halafu unapumzika, ukiikomalia miaka uso unakuwa mweusi wa bluubluu na kuutoa huo weusi ni shughuli pevu. Kwenye vipodozi Tanzania imepigwa marufuku.

Mkorogo jamani hapana. Ule wa kupimiwa kwenye kopo hujui una nini ndani, mara nyingi ni klobetasoli (dawa kali ya steroidi), mwingine una zebaki inayoua figo. Na kama ushautumia muda mrefu usiache ghafla kimyakimya, uso utawaka moto na kujaa vipele, nenda kwa daktari wa ngozi umwambie ukweli wote, akutoe taratibu.

Chochote utakachochagua jaribu kwanza nyuma ya sikio siku 3, anza na kimoja sio vitatu kwa pamoja, halafu jipige picha dirishani palepale kila baada ya wiki 4. Kabla ya wiki 8 usiseme dawa haifanyi kazi.