Laptopu haina mlango wa CD: namna ya kusakinisha programu iliyo kwenye diski

Laptopu nyingi zinazoingia madukani sasa hazina mlango wa CD. Diski nazo hazijatoweka. Baadhi ya printa bado huja na CD ndani ya boksi, cherehani ya kudarizi ina diski yake ya michoro, shule ina makasha ya DVD za masomo, na ile programu ya mahesabu iliyonunuliwa miaka mingi nyuma imelala kabatini pamoja na namba yake ya leseni. Kwa mtu wa Tanga jambo hili halifai kuwekwa kiporo. Joto na unyevu wa pwani huotesha ukungu juu ya plastiki, na diski za kubani, hasa za bei rahisi, huanza kubabuka pembezoni. Ikishafika hapo, hata mashine yenye mlango haitaisoma.

Kwa hiyo tunashauri hivi: diski isomwe mara moja tu, mahali penye mashine ya kuisomea, igeuzwe kuwa faili moja, kisha laptopu ifanye kazi na hilo faili.

Kwanza, je, diski yenyewe inahitajika?

Kwa printa na skana, mara nyingi haihitajiki. CD ya boksini ina draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na printa) ya siku printa ilipotengenezwa, na kwenye tovuti ya mtengenezaji kuna mpya zaidi. Soma namba ya modeli iliyoandikwa usoni mwa printa, nenda tovuti ya Epson, Canon au HP wenyewe, chagua toleo lako la Windows, kisha pakua. Draiva tupu huwa ni makumi ya MB, ila kifurushi kizima chenye programu za picha na skana hufika mamia, basi angalia bando kabla ya kubofya. Jihadhari na tovuti zinazojitokeza juu kwenye utafutaji zikidai zina draiva za printa zote duniani. Nyingi hukubebesha programu usizoziomba. Na waya wa USB wa printa usiuchomeke mpaka kisakinishi kikuambie. Ukiwahi, Windows inaweza kujiwekea draiva yake ya jumla, na skana isionekane.

Kwa programu ya kununua, kilichonunuliwa hasa ni ile namba ya leseni. Ipige picha leo, kabla wino wa kwenye kasha haujafifia. Kama mtengenezaji bado anatoa kisakinishi kwenye tovuti yake, pakua hicho, weka namba, kazi imekwisha.

Kugeuza diski kuwa faili la ISO

Mashine zenye mlango bado zipo: kompyuta za mezani za steshenari za Ngamiani, studio za wapiga video za harusi, maabara za shule. Ukifika, usiseme "nikopie CD." Sema "nitengenezee ISO." Tofauti ni kubwa. Kukopi huchukua mafaili yanayoonekana tu na kuliacha jina la diski, na visakinishi vingi vya zamani hukagua jina hilo kabla ya kuendelea. ISO huichukua diski nzima kama ilivyo.

Anza kwa kuisafisha. Kitambaa laini cha pamba chenye maji safi kidogo kinatosha, na unafuta kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Data zimeandikwa kwa mzunguko; mkwaruzo unaokatiza njia huharibu kipande kidogo, na kisomeo kina hesabu za kukirekebisha, lakini mkwaruzo unaofuata njia huharibu kipande kirefu kisichorekebishika. Kwa CD, ulinde pia upande wa maandishi, maana data ziko chini tu ya rangi ile. DVD imezificha katikati ya tabaka mbili za plastiki, ndiyo maana huvumilia zaidi upande huo.

Kwenye Windows tumia ImgBurn, ambayo ni ya bure. Wakati wa kuisakinisha soma kila ukurasa na ukatae nyongeza zozote unazopewa. Ifungue, chagua "Create image file from disc", onyesha folda ya kuhifadhi, bonyeza kitufe cha kusoma. CD iliyojaa ina MB 700 na huchukua kama dakika tano. DVD ya kawaida ina GB 4.7 na huchukua robo saa au zaidi. Kama ni kompyuta ya mezani isiyo na UPS, umeme ukikatika katikati unaanza upya.

Kwenye Linux amri moja inatosha:

dd if=/dev/sr0 of=diski.iso bs=2048 status=progress

Usomaji ukikwama na ujumbe wa kushindwa kusoma sekta, yaani vipande vidogo vya data, toa diski, ifute tena, punguza kasi ya kusoma hadi 4x, ujaribu upya. Ikigoma, jaribu mashine nyingine kabisa, maana visomeo havilingani nguvu, na vile vinene vya kompyuta za mezani mara nyingi husoma diski iliyokishinda kile chembamba cha laptopu. Usikubali kuruka sekta mbovu kama diski ina programu. Kwenye video utapoteza sekunde moja ya picha. Kwenye programu, usakinishaji utafika asilimia themanini ukafe.

Ukipata mafaili mawili, BIN na CUE, badala ya ISO, diski yako ina muziki ndani au iliandikwa kwa awamu zaidi ya moja. Yachukue yote mawili. Windows yenyewe haiyafungui, lakini WinCDEmu inayafungua.

Flashi ndipo wengi wanapokwama

Flashi za bandia zimejaa mitaani. Imeandikwa GB 64, kompyuta nayo inaonyesha 64, lakini chipu ya ndani ni ya 8. Inapokea kila kitu bila kulalamika, ila kilichozidi uwezo wake wa kweli hakihifadhiwi. Ijaribu kwa H2testw, programu ndogo isiyohitaji kusakinishwa: huijaza flashi data, kisha huisoma kuhakiki. Kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde, kujaza GB 64 ni karibu saa moja na dakika hamsini, na kuhakiki ni muda mwingine juu yake. Iache ifanye kazi usiku. Ni heri kuliko kurudi mjini kutoka Pangani kufuata faili lililoharibika.

Shida ya pili ni FAT32, mfumo wa kupangia mafaili ndani ya flashi. Flashi nyingi hutoka kiwandani zikiwa nao, na hauruhusu faili moja kufika GB 4. ISO ya DVD huvuka hapo, na utaona "The file is too large for the destination file system" hata kama flashi ni tupu. Suluhisho ni kuiformati kuwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, jambo litakalofuta kila kilichomo. Kama ina vitu vyako, unaweza kuigeuza kuwa NTFS, mfumo wa Windows yenyewe, bila kufuta, kwa amri hii ndani ya Command Prompt, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa E:

convert E: /fs:ntfs

Tatu ni virusi. Flashi iliyopita kwenye kompyuta ya watu wengi inaweza kurudi na folda zote zimegeuka njia za mkato. Usizibofye. Bofya kulia juu ya flashi, uikague kwa Microsoft Defender, ndipo uchukue ISO peke yake.

Kuhakikisha faili limefika salama, endesha amri hii kwenye mashine ulikolitengenezea na tena kwenye laptopu yako:

certutil -hashfile diski.iso SHA256

Mistari miwili ya herufi na tarakimu ikifanana, faili ni lile lile. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, kopi upya.

Kulipachika na kusakinisha

Hamishia ISO kwenye diski C kwanza. Windows 8, 10 na 11 hupachika ISO zenyewe, lakini likiwa bado kwenye flashi ya FAT32 au exFAT wakati mwingine hukataa na kudai faili liwe kwenye NTFS. Bofya kulia, chagua "Mount". Ndani ya "This PC" itatokea diski mpya yenye herufi yake, kana kwamba umeingiza DVD. Kama 7-Zip au WinRAR imejimilikisha mafaili ya ISO, pitia "Open with" kisha "Windows Explorer". Kwa Windows 7, sakinisha WinCDEmu.

Fungua diski hiyo, bofya kulia kwenye setup.exe, chagua "Run as administrator". Usipoiona setup.exe, fungua autorun.inf kwa Notepad; mstari unaoanza na open= unataja faili la kuanzia.

Diski ya namna hii ni waja leo waondoka leo, kama tusemavyo Tanga: ukiwasha upya laptopu, haipo. Kisakinishi kikitaka kuwasha upya katikati ya kazi, ipachike tena kabla hujaendelea. Na kama programu huomba diski kila inapofunguliwa, pachika ISO kwanza.

Programu ya diski mbili au tatu huleta usumbufu wake. Ukipachika zote kwa pamoja kila moja hupata herufi yake, lakini kisakinishi hutafuta diski ya pili palepale kilipoikuta ya kwanza. Kikikupa nafasi ya kuvinjari, kionyeshe herufi nyingine. Kisipokupa, kopi yaliyomo ya diski zote ndani ya folda moja, kwa mfano C:\Kisakinishi, ukianza na ya kwanza, kisha uanzie hapo.

Kuna zitakazokataa. Kisakinishi cha biti 16, cha enzi za Windows 95, kwa kawaida hakifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64. Hicho kinahitaji Windows ya zamani ya biti 32 ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako. Michezo iliyofungwa kwa SafeDisc, kufuli la kuzuia diski isikopiwe, haifunguki kwenye Windows 10 hata kwa diski halisi, kwa sababu Microsoft iliiondoa draiva yake, na mwezi Septemba 2015 ikaizima kwenye Vista, 7 na 8 pia kwa kuwa ilikuwa tundu la usalama. Nyingine hulalamikia toleo tu: ingia "Properties" ya setup.exe, kipengele cha "Compatibility", uchague Windows 7 au XP.

Kisomeo cha nje

Mwenye diski nyingi, mathalani shule, anunue kisomeo cha DVD cha USB. Malalamiko ya kawaida ni kwamba kinawaka taa, kinalia tik-tik, na diski haionekani. Mara nyingi si ubovu, ni umeme mdogo. Tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa milliampia 500 na la USB 3.0 milliampia 900, na mota inapoanza kuzungusha diski inaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Chomeka kwenye laptopu yenyewe, si kwenye kigawanyio kisicho na umeme wake. Tumia tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi lina ulimi wa buluu. Au tafuta waya wenye vichwa viwili vya USB, uchomeke vyote.

Kupiga Windows yenyewe

Hapa ISO haipachikwi. Flashi inageuzwa iwe ya kubuti, yaani laptopu iweze kuwakia humo, kwa programu iitwayo Rufus. Tumia flashi ya GB 8 au zaidi, na ujue itafutwa yote. ISO ichukue kwa Microsoft. Chagua Windows 11 kama laptopu inatimiza masharti yake, mojawapo chipu ya usalama ya TPM 2.0, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kwenye laptopu utakayoipiga, kama bado inawaka, andika msinfo32 kwenye kisanduku cha utafutaji cha Windows, uangalie "BIOS Mode", yaani namna laptopu inavyobuti. Ikisema UEFI, kwenye Rufus, pale pa mpangilio wa flashi, chagua GPT. Ikisema Legacy, chagua MBR. Ukikosea hapo flashi inaweza isionekane wakati wa kubuti, na watu huishia kuilaumu flashi.

Zima, washa, na papo hapo gonga kitufe cha menyu ya kubuti mfululizo: HP ni Esc kisha F9, Dell na Lenovo F12, Asus Esc. Acer ni F12 pia, lakini kwenye nyingi sharti kwanza uingie kwa F2 na kuiruhusu menyu hiyo.

Ukipiga Windows 7, unaweza kukutana na ujumbe kwamba draiva ya CD/DVD haipo, ilhali laptopu haina CD tangu kuzaliwa. Kisakinishi kimepoteza flashi yake chenyewe, kwa kuwa Windows 7 haina draiva za USB 3.0. Hamishia flashi tundu la USB 2.0. Ukipiga Windows 10 au 11 kwenye laptopu za Intel kizazi cha 11 na kuendelea, tatizo huwa jingine: orodha ya diski za kusakinishia inatokea tupu. SSD, diski ya ndani ya laptopu, haijafa. Pakua draiva ya Intel RST kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu, ifungue ndani ya folda kwenye flashi ile ile, bofya "Load driver" uionyeshe, na SSD itajitokeza.

Mafaili yakishakopiwa laptopu itajizima na kuwaka. Chomoa flashi wakati huo huo. Ukiiacha, laptopu inaweza kubuti kwenye flashi tena, na utajikuta umerudi kwenye ukurasa wa kuchagua lugha.